Rufaa kwenye mahakama za shirikisho za Marekani: hesabu ya siku na hatua zake

Ukishindwa kesi kwenye mahakama ya shirikisho ya Marekani, karatasi ya kwanza unayodaiwa haina hoja hata moja. Ni notisi ya rufaa: ukurasa mmoja, wakati mwingine nusu ukurasa, unaotaja nani anakata rufaa, anapinga hukumu gani, na anaipeleka mahakama ipi. Hoja zitadaiwa baadaye sana. Lakini wengi wetu tunaanzia mwisho: tunamtafuta wakili wa kuandika hoja kali, tunachangishana, tunauliza kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, na huku siku zinakatika. Rufaa inaweza kufia kwenye kalenda kabla jaji yeyote hajasoma malalamiko yako.

Mwongozo huu unafuata Kanuni za Shirikisho za Utaratibu wa Rufaa, zinazotumika nchi nzima. Juu ya hizo kila mahakama ya rufaa ina kanuni zake ndogo, na lazima uzisome kwenye tovuti ya mahakama husika. Haya si badala ya wakili. Ni ya kukulinda usipoteze haki yako kabla hujampata.

Hakikisha kesi ni ya shirikisho

Marekani ina mifumo miwili ya mahakama: ya majimbo na ya shirikisho. Talaka, malezi ya watoto, kodi ya nyumba, ajali za kawaida za gari na makosa mengi ya jinai huamuliwa na mahakama za jimbo, na rufaa zake hupanda ndani ya jimbo hilo hilo. Ukishindwa kesi ya kuondolewa kwenye nyumba mbele ya jaji wa jimbo la Ohio, huwezi kuhamia mahakama ya shirikisho kwa sababu tu unaona jaji alikuonea. Watu hujaribu, na kesi hutupwa.

Za shirikisho ni kama ubaguzi kazini chini ya sheria ya shirikisho, madai kwamba polisi walivunja haki zako za kikatiba, mafao ya Social Security yaliyokataliwa, na jinai za shirikisho. Hizi huanzia mahakama ya wilaya ya shirikisho, na mahakama hizo ziko 94. Jina lisikudanganye: si sawa na mahakama ya wilaya ya Tanzania. Kwa uzito iko karibu zaidi na Mahakama Kuu ya Tanzania, na anayekaa pale ni jaji aliyeteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti.

Juu yake kuna mahakama za rufaa 13. Kumi na moja ni za kanda zenye namba, moja ni ya Washington, D.C., na nyingine, inayoitwa Federal Circuit, inashughulikia mambo maalumu kama hataza, yaani haki za wavumbuzi. Kesi iliyoamuliwa Louisville au Columbus inapanda Kanda ya 6, Cincinnati. Ya Houston au Dallas inakwenda Kanda ya 5, New Orleans. Ya Minneapolis au Cedar Rapids ni Kanda ya 8, St. Louis. Ya Portland, Maine, ni Kanda ya 1, Boston. Kinachoangaliwa ni mahakama iliyotoa hukumu, hata kama umeshahamia jimbo jingine kufuata kazi.

Je, hukumu imeiva?

Kwa kawaida unakata rufaa dhidi ya hukumu ya mwisho, yaani iliyomaliza madai yote dhidi ya wahusika wote. Jaji akiondoa mdaiwa mmoja kati ya watatu, au akikataa ombi lako la kupata nyaraka, bado hujafika. Yapo mambo machache yanayoruhusu rufaa katikati ya kesi, na kubwa ni amri ya zuio: jaji akiitoa au akiikataa, unaweza kupanda mara moja.

Kuna mtego hapa unaowanasa hasa wanaojiwakilisha. Mahakama za wilaya zina majaji, na zina mahakimu wanaowasaidia. Hakimu akiandika taarifa yenye mapendekezo kwamba kesi yako ifutwe, hiyo bado si hukumu. Usikimbilie rufaa. Una siku 14 za kuandika pingamizi kwa jaji wa wilaya, na usipopinga unaweza kuwa umejifungia mlango wa kuyalalamikia mambo hayo huko juu. Ni pale tu pande zote zilipokubali kwa maandishi kwamba hakimu aamue kesi yote ndipo uamuzi wake unakatiwa rufaa moja kwa moja.

Una siku ngapi?

Kesi ya madai kati ya watu au kampuni: siku 30. Ikiwa serikali ya Marekani, idara yake, au ofisa wake aliyeshtakiwa kwa kazi yake ya serikali ni mhusika: siku 60, na siku hizo 60 ni za pande zote, si za serikali peke yake. Kwa hiyo aliyenyimwa mafao ya Social Security na akashindwa mbele ya jaji wa wilaya ana 60. Polisi wa mji au wa kaunti si serikali ya Marekani. Hapo ni 30.

Kesi ya jinai: mshtakiwa ana siku 14 tu. Serikali, pale inaporuhusiwa kukata rufaa, ina 30. Kama ndugu yako amehukumiwa na wakili haonekani, jua hili: mshtakiwa akimwomba karani wa mahakama, karani analazimika kumwandalia notisi ya rufaa na kuiwasilisha mara moja. Sentensi moja inayosikika mahakamani siku ya adhabu inaweza kuokoa rufaa nzima.

Kufilisika kuna siku 14 na njia yake mwenyewe, kwa hiyo naiacha. Anayepinga kifungo cha jimbo kwa ombi la habeas corpus ana siku 30, lakini anahitaji pia kibali cha kukata rufaa, na asipokipata kwa jaji wa wilaya anakiomba kwa mahakama ya rufaa.

Pande zote mbili zikiwa hazijaridhika, mmoja akishawasilisha notisi, mwingine anapata siku 14 tangu tarehe ya notisi hiyo hata kama zake za awali zimekwisha.

Kuhesabu: hapa pasomwe polepole

Siku huanza kuhesabiwa tangu hukumu ilipoingizwa kwenye rejista ya mahakama. Siku jaji alipotamka haiangaliwi. Siku bahasha ilipofika kwako haiangaliwi. Siku wakili alipokupigia simu ndiyo kabisa. Tarehe ya kuingizwa unaipata kwa karani au kwenye PACER, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za mahakama za shirikisho, ambao hutoza senti 10 kwa ukurasa, si zaidi ya dola 3 kwa hati moja, na ukitumia dola 30 au pungufu kwa robo mwaka hudaiwi chochote.

Tuchukue mfano. Hukumu imeingizwa Jumatano, tarehe 4 Machi 2026. Siku hiyo yenyewe haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 5. Unahesabu kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na siku ya 30 inaangukia Ijumaa, tarehe 3 Aprili.

Sasa angalia kalenda: tarehe 3 Aprili 2026 ni Ijumaa Kuu. Nairobi na Dar es Salaam ofisi zimefungwa. Marekani, Ijumaa Kuu si sikukuu ya shirikisho, na karani yuko dirishani. Kanuni husema kwamba siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kisheria, muda unasogea hadi siku ya kazi inayofuata, na kwa hesabu ya kwenda mbele sikukuu iliyotangazwa na jimbo ilipo mahakama nayo huhesabika. Baadhi ya majimbo yanaitambua Ijumaa Kuu na mengine hayaitambui. Kwa hiyo jibu linategemea uko wapi, na mtu mwenye akili timamu hangojei kujua: anawasilisha Alhamisi, au Machi. Idi zote mbili na Jumatatu ya Pasaka nazo si sikukuu za shirikisho.

Kama serikali ya Marekani ni mhusika katika kesi hiyo hiyo, siku ya 60 ni tarehe 3 Mei, ambayo ni Jumapili, kwa hiyo mwisho ni Jumatatu tarehe 4 Mei. Kama ni jinai, siku ya 14 ni Jumatano tarehe 18 Machi.

Kuna uvumi kwamba ukipelekewa hati kwa posta unaongezewa siku 3. Uvumi huu una chanzo, kwa sababu kanuni hiyo ipo. Lakini inahusu muda unaohesabiwa tangu kupelekewa hati. Notisi ya rufaa huhesabiwa tangu hukumu kuingizwa, hivyo siku hizo 3 hazikuhusu.

Jambo jingine la posta: notisi ya rufaa inahesabika imewasilishwa karani anapoipokea, si unapoitumbukiza kwenye sanduku la barua. Muhuri wa posta haukusaidii. Wafungwa wana ahueni: tangu uamuzi wa Houston v. Lack wa mwaka 1988, notisi ya mfungwa inahesabika siku alipoikabidhi kwenye mfumo wa posta wa gereza, mradi aambatanishe tamko lenye tarehe na kuonyesha kwamba stempu imelipiwa. Anayewasilisha kwa mtandao ana hadi usiku wa manane kwa saa za mahakama husika. Anayepeleka kwa mkono anafuata saa za ofisi.

Mara chache mahakama husahau kutoa hukumu kwenye hati ya peke yake pale inapotakiwa. Hapo hukumu huhesabika imeingizwa siku 150 baada ya amri kuandikwa kwenye rejista. Ni kanuni ya kujiokolea nayo. Usipange rufaa yako kwa kuitegemea.

Maombi yanayosimamisha saa

Badala ya kupanda juu moja kwa moja, unaweza kumwomba jaji yule yule abadilishe hukumu au aamuru kesi isikilizwe upya. Ombi la namna hiyo katika kesi ya madai liwasilishwe ndani ya siku 28 tangu hukumu kuingizwa, na siku hizi 28 jaji hana uwezo wa kuziongeza hata mkikubaliana wote. Likiwahi, saa ya rufaa inasimama, na inaanza upya siku ombi la mwisho la aina hiyo linapoamuliwa. Likichelewa hata siku moja, saa haikusimama kamwe. Unakaa ukisubiri jibu la ombi, kumbe rufaa ilishakufa.

Si kila barua kwa jaji inasimamisha saa. Kuomba nakala, kuomba wakili, kuandika kueleza uchungu wako, hakuna hata kimoja kinachogusa muda. Ukiwa na shaka, wasilisha notisi ya rufaa. Kama kuna ombi halali linalosubiri, notisi itakaa tu na kuanza kufanya kazi ombi likiamuliwa. Na kama unataka kupinga pia uamuzi juu ya ombi lenyewe, wasilisha notisi iliyorekebishwa. Hiyo haitozwi ada nyingine.

Umechelewa?

Mwombe jaji wa wilaya, si mahakama ya rufaa, kwani ya rufaa imekatazwa kuongeza muda wa notisi. Ombi liingie kabla ya siku 30 kupita baada ya muda wa awali kwisha, na ueleze sababu ya msingi au uzembe unaosameheka. Kwenye mfano wetu, aliyekosa tarehe 3 Aprili ana hadi tarehe 4 Mei kuomba, kwa kuwa siku ya 30 ni Jumapili. Jaji akikubali, hawezi kukupa zaidi ya siku 30 baada ya muda wa awali au siku 14 tangu amri yake, ile iliyo mbali zaidi. "Sikujua sheria" na "sijui Kiingereza" pekee ni visingizio dhaifu. Kulazwa hospitalini kwa karatasi za daktari ni hadithi nyingine.

Njia ya pili ni ya mtu ambaye hakupata taarifa ya hukumu ndani ya siku 21 tangu iingizwe. Huyu anaweza kuomba mlango ufunguliwe tena, ndani ya siku 180 tangu hukumu au siku 14 tangu apate taarifa rasmi, ile inayokuja mapema. Akikubaliwa anapata siku 14. Ndiyo maana kila unapohama nyumba mwandikie karani anwani mpya. Mahakama haifuati mtu.

Siku hizo 14 zina historia chungu. Keith Bowles, mfungwa wa Ohio, alifunguliwa mlango huo mwezi Februari 2004. Jaji, kwa kosa lake mwenyewe, aliandika kwamba mwisho ni tarehe 27 Februari, wakati kisheria mwisho ulikuwa tarehe 24. Bowles aliwasilisha tarehe 26, ndani ya muda alioandikiwa na jaji. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani (Supreme Court, iliyo juu ya zote), kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema rufaa yake haipo. Muda uliowekwa na sheria ya Bunge haulegezwi kwa huruma, wala kwa kosa la jaji. Mwaka 2017, katika kesi ya Hamer, mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba muda uliowekwa na kanuni pekee hauna ukali huo, na mwaka 2025, katika Parrish, ikamsaidia mfungwa aliyewasilisha notisi mapema, kabla mlango haujafunguliwa rasmi. Lakini somo la Bowles linasimama: tarehe uliyopewa na jaji, karani au wakili, ihesabu upya kwa kidole chako.

Kuandika na kuwasilisha notisi

Juu kabisa weka jina la mahakama ya wilaya, majina ya wahusika na namba ya kesi kama ilivyo kwenye hukumu. Kichwa chake ni Notice of Appeal. Kisha sentensi moja ya Kiingereza inayotaja majina ya wote wanaokata rufaa, hukumu inayopingwa na tarehe yake, na mahakama ya rufaa inayokwenda. Sahihi, tarehe, anwani, simu. Basi. Fomu tupu, Fomu 1A kwa hukumu na 1B kwa amri, ziko mwishoni mwa Kanuni za Rufaa.

Majina yaandike yote. Usitegemee "na wenzake" mkiwa mnajiwakilisha wenyewe. Mtu anayejiwakilisha husaini kwa nafsi yake, na kanuni humhesabu mwenzi wake na watoto wao wadogo ambao ni wahusika. Kaka, rafiki au mchungaji asiye wakili hawezi kusaini kwa niaba yako, na kampuni haiwezi kujiwakilisha bila wakili, hata kama kampuni ni wewe na gari lako la mizigo.

Notisi inapelekwa kwa karani wa mahakama ya wilaya, palepale uliposhindwa. Ukiipeleka mahakama ya rufaa kwa makosa, karani wa kule ataandika tarehe aliyoipokea na kuirudisha chini, na tarehe hiyo itakulinda. Karani ndiye anayewapelekea wapinzani nakala. Wewe omba nakala yako yenye muhuri na uitunze pamoja na pasipoti.

Ada ni dola 605, inalipwa mahakama ya wilaya. Huna? Peleka notisi hivyo hivyo. Kukosa ada siku hiyo hakuiui notisi iliyowahi, ingawa usipolipa wala kuomba msamaha rufaa itafutwa baadaye. Msamaha unaombwa kwanza kwa jaji wa wilaya kwa hati ya kiapo, Fomu 4, inayouliza kipato, madeni, gari, akaunti na watu wanaokutegemea. Jaza kweli. Fedha unazotuma nyumbani kila mwezi nazo ni matumizi, ziandike. Kama ulishasamehewa ada chini, kwa kawaida msamaha unaendelea, isipokuwa jaji athibitishe kwamba rufaa haina nia njema. Akikukatalia, una siku 30 za kuiomba mahakama ya rufaa. Mfungwa katika kesi ya madai hasamehewi kabisa. Anakatwa kidogo kidogo.

Jihadhari pia na wale wajaza fomu wa mtaani wanaojiita wataalamu wa sheria. Kuchapa fomu ni jambo moja. Kukushauri ukate rufaa au usikate, na lini, ni kazi ya wakili mwenye leseni, na siku zikipita ni zako, si zake.

Siku 14 za baada ya notisi

Watu hupumua wakishapata muhuri, na hapo ndipo rufaa nyingine zinapofutwa. Ndani ya siku 14 tangu notisi, agiza kwa maandishi nakala ya mwenendo kutoka kwa mwandishi wa mahakama, au wasilisha hati kusema huihitaji. Nakala hii hulipiwa kwa ukurasa, na kesi ya siku kadhaa inaweza kugharimu kuliko ada. Kama ulisamehewa ada, serikali inaweza kulipia pale jaji anapothibitisha kwamba rufaa ina swali la maana. Kama kesi yako iliamuliwa kwa karatasi tu bila kusikilizwa mashahidi, huenda huna cha kuagiza.

Mahakama ya rufaa itakupa namba mpya ya kesi na barua yenye tarehe na fomu zake. Kuanzia hapo barua hiyo ndiyo bosi.

Rufaa peke yake haizuii hukumu

Kama umeamriwa kulipa fedha, sheria inakupa siku 30 za kupumua kabla mshindi hajaanza kukamata mali, na siku hizo zikipita anaweza kuendelea hata kama rufaa yako ipo. Kumzuia unahitaji dhamana iliyokubaliwa na mahakama, au amri ya kusimamisha utekelezaji. Ombi linaanza kwa jaji wa wilaya. Akikataa ndipo unapanda nalo.

Hoja za maandishi

Ratiba ya msingi ni hii: mrufani ana siku 40 tangu jalada la kumbukumbu za kesi kuwasilishwa, mjibu rufaa ana siku 30 tangu apelekewe hoja hizo, na mrufani ana siku 21 za kujibu. Mahakama nyingi hutoa ratiba yao, na hiyo ndiyo ya kufuatwa. Tofauti na notisi, muda wa hoja unaweza kuongezwa ukiomba mapema kwa sababu nzuri, na hoja zilizotiwa posta ya daraja la kwanza siku ya mwisho zinahesabika zimewahi.

Hoja kuu zisizidi kurasa 30, au maneno 13,000. Jibu la mwisho la mrufani ni nusu ya hapo. Ukihesabu kwa maneno ambatisha hati ya kuthibitisha urefu. Maandishi ya ukubwa wa pointi 14, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za inchi moja. Karatasi ya juu ya hoja za mrufani ni ya buluu, ya mjibu rufaa ni nyekundu, ya jibu la mrufani ni ya kijivu. Usicheke: makarani hurudisha kazi kwa mambo haya. Mahakama kadhaa zina fomu rahisi ya hoja kwa wanaojiwakilisha. Uliza kwa karani kabla hujakesha. Kila kitu kiwe kwa Kiingereza.

Ndani yake, eleza kwanza kwa nini mahakama hii ina mamlaka na taja tarehe za hukumu na notisi. Kisha maswali yanayobishaniwa, historia ya kesi, muhtasari wa hoja, hoja zenyewe, na unachoomba. Kila jambo unalodai lilitokea lionyeshe ukurasa wa jalada lilipo.

Majaji watatu watakaosoma hawasikilizi kesi upya. Hawapokei shahidi mpya wala picha uliyoipata wiki iliyopita. Wanauliza kama jaji wa chini alikosea kwa yale yaliyokuwa mbele yake, na kama wewe ulilalamikia kosa hilo palepale. Kosa la sheria wanalipima upya bila kumpa jaji upendeleo. Aliloamua kuhusu ukweli, kwa mfano kwamba shahidi fulani alidanganya, hawaligusi mpaka liwe kosa la wazi. Mambo aliyoachiwa hiari yake, kama kukunyima muda zaidi, hawayageuzi mpaka awe ameitumia vibaya hiari hiyo. Kwa hiyo hoja moja au mbili za sheria zilizochimbwa hasa zina nguvu kuliko malalamiko kumi na mawili ya "hakunielewa". Rufaa isiyo na msingi kabisa inaweza hata kukutoza gharama za mpinzani.

Kesi nyingi huamuliwa kwa karatasi. Ukiitwa kuzungumza, mara nyingi utapewa dakika 10 hadi 15, na nyingi zitaliwa na maswali ya majaji.

Ikiwa ni uhamiaji

Hapa njia inabadilika, na kwa jamaa wengi waliotoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania hii ndiyo kesi ya shirikisho watakayokutana nayo. Jaji wa uhamiaji si wa mahakama ya wilaya. Uamuzi wake hupelekwa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, yenye muda na ada zake, na ambazo zimekuwa zikibadilika, hivyo zisome siku hiyo hiyo unayopata uamuzi. Bodi ikikukatalia, unawasilisha ombi la mapitio moja kwa moja kwenye mahakama ya rufaa ya kanda ambako jaji wa uhamiaji alimalizia kesi. Una siku 30 tangu tarehe ya uamuzi wa Bodi, na hapa hakuna 60 eti kwa sababu mpinzani ni serikali. Lazima ombi liwe limemfikia karani. Ada ni dola 600, mjibu ombi ni Mwanasheria Mkuu wa Marekani, na unaambatisha nakala ya uamuzi.

Kuiomba Bodi ifungue upya kesi hakusimamishi siku hizo 30; Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 1995 katika Stone v. INS. Unaweza kulazimika kufanya vyote viwili kwa wakati mmoja. Mwaka 2025, katika Riley v. Bondi, ilisema muda huo wa siku 30 si wa mamlaka ya mahakama, lakini serikali ikiupinga ucheleweshaji bado unakuponza.

Ombi la mapitio halizuii kuondolewa nchini. Omba zuio kwa ombi tofauti, mapema, ukieleza uwezekano wako wa kushinda, madhara yasiyorekebishika yatakayokupata, madhara kwa upande wa pili, na maslahi ya umma. Vipimo hivyo vinne vilithibitishwa mwaka 2009 katika kesi ya Nken, raia wa Kameruni.

Na kama mkalimani alivuruga maneno yako, tuseme umeletewa Kiswahili cha Dar wakati wewe umekulia Bukavu, jambo hilo lazima liwe lilisemwa mbele ya jaji na likarudiwa mbele ya Bodi. Mahakama ya rufaa haipendi kusikia lawama kwa mara ya kwanza.

Baada ya uamuzi

Ukishindwa, unaweza kuomba kesi isikilizwe upya na jopo lile au na majaji wote wa kanda. Muda ni siku 14, au 45 ikiwa ni kesi ya madai ambayo serikali ya Marekani ni mhusika. Siku 7 baada ya muda huo kwisha, au baada ya ombi kukataliwa, mahakama hutoa hati inayorudisha mamlaka chini na hukumu inatekelezwa.

Kwenda Mahakama Kuu ya Marekani una siku 90. Zinahesabiwa tangu hukumu ya mahakama ya rufaa, au tangu kukataliwa kwa ombi la kusikilizwa upya kama liliwahi. Hati ile inayorudisha kesi chini haihesabiwi, na wengi huteleza hapo. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu anaweza kuongeza hadi siku 60, ukiomba angalau siku 10 kabla ya mwisho. Ada ni dola 300, msamaha upo kwa asiye na uwezo, na huko muhuri wa posta wa siku ya mwisho, wa daraja la kwanza, unakubalika.